Matroni Mbele ya Kioo

Jina analo, na ninalijua, lakini sikuwahi kumwita kwa jina hilo na sitaanza leo. Kwetu alikuwa Matroni. Wasichana walimwita hivyo, walimu tulimwita hivyo, hata mumewe, alipokuja kumwona mara moja moja kutoka Migori, alisimama langoni na kumwambia askari, "Niitie Matroni."

Nilitumwa kufundisha bayolojia katika shule ile mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka Taita, sijui neno hata moja la Kijaluo. Ilikuwa shule ya wasichana ya bweni upande wa Rangwe, ndani kidogo ya barabara ya Homa Bay. Si ile ya Asumbi ambayo kila mtu anaijua. Yetu ilikuwa ndogo, na choo kimoja kilikuwa kinajengwa nilipofika na kilikuwa bado kinajengwa nilipoondoka. Chumba changu kilipakana na cha Matroni. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya nilimwambia pole bila kuinuka kitandani.

Ukitaka kumjua, uanze na miguu. Ilikuwa imevimba tangu nilipomkuta, mizito, ngozi imenyooka inang'aa. Ndala zake alizikata kandokando kwa wembe ili nyayo zipate kuingia. Kila jioni, wasichana wakiwa darasani kwa masomo ya jioni, aliketi mlangoni na kuitia miguu hiyo ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, akafumba macho, akasema neno moja: "Aol." Hilo ndilo neno la kwanza la Kijaluo nililojifunza. Maana yake nimechoka. Hakulisema kwa kulalamika. Alilisema kama mtu anayesoma saa ukutani.

Nilimuuliza kwa nini haendi hospitali.

"Nilienda," alisema. "Daktari akaniambia nipumzike. Nikamuuliza, nikipumzika wasichana utakuja kuwalaza wewe? Akacheka. Basi nikarudi."

Na kuwalaza ilikuwa kazi. Walikuwa mia tatu hivi, na kutwa nzima walikuwa na neno moja kinywani. Matroni, nimepoteza sweta. Matroni, fulani amemwaga maji kwenye godoro langu. Matroni, tumbo. Alijibu kila mmoja, na karibu kila jibu lilikuwa kali. Msichana aliyefupisha sketi alimsimamisha mbele ya bweni zima na kumuuliza, "Hii ni sketi ama ni kitambaa cha kupangusia meza?" Halafu ungemkuta Jumamosi, sindano mkononi, anaikunjua ile sketi mwenyewe na kuishona upya, ili msichana asiadhibiwe na mwalimu wa zamu.

Matroni hakuwa akila samaki. Jambo hilo liliwashangaza watu, maana alikulia kando ya ziwa na Kiswahili chake kilikuwa na ziwa ndani yake. Siku za omena jikoni, wale dagaa wa ziwani, alifunga dirisha lake. "Nimepaa samaki wa watu tangu nikiwa mtoto," aliniambia. "Mpaka nikilala nilijisikia mimi mwenyewe nina magamba. Sasa acha wapumzike na mimi nipumzike."

Kwa hiyo nilishangaa siku tuliyowapeleka wasichana kwenye maonyesho ya kilimo Homa Bay. Watu wa idara ya samaki walikuwa wameleta tangi la kioo, wakaliweka juu ya meza chini ya turubai. Ndani mlikuwa na ngege watatu, samaki wapana wa ziwani, na kamongo mmoja, yule samaki wa matope mrefu kama nyoka, aliyelala kama kipande cha gogo. Wasichana waliangalia dakika moja, wakakimbilia kwenye ng'ombe wa maziwa. Mimi nilizunguka vibanda vyote, nikala mahindi, nikarudi, Matroni bado alikuwa pale pale, mkoba umebanwa kwapani, pua karibu iguse kioo.

"Matroni, tunaondoka."

"Ngoja kidogo, Mwalimu." Hakugeuka. "Angalia hii yote. Ina mdomo, inafungua, inafunga, inafungua, inafunga. Na hakuna hata moja inayosema Matroni."

Nilicheka sana siku ile. Nilidhani ni mzaha. Sikujua bado kazi yake nyingine.

Kazi hiyo haikuandikwa popote. Miaka ile watu wazima walikuwa wakifa sana kando ya ziwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa ukitajwa kwa mbali, kwa kuzungukwa. Habari za vifo vya wazazi zilifika shuleni kwa simu ya ofisini, au kwa mjomba aliyekuja na baiskeli akakaa chini ya ukuta wa ofisi bila kuvua kofia. Mwalimu mkuu alikuwa mama mwema, lakini jambo hilo lilimshinda. Alijaribu mara moja, akalia kabla ya msichana kulia. Kutoka hapo akawa anasema tu, "Mwiteni Matroni."

Matroni alikuwa na njia yake. Alimwita msichana chumbani kwake, akamketisha kitandani, akampa chai ya maziwa na vipande vinne vya mkate vilivyopakwa siagi. Alingoja amalize. Ndipo alipomwambia.

"Kwa nini umlishe kwanza?" nilimuuliza siku moja.

"Nikimwambia kwanza hatakula," alisema. "Na nyumbani kwa matanga hakuna mtu atakumbuka kumuuliza kama amekula. Wote watakuwa wanalia, yeye atakuwa anabeba maji ya wageni."

Nilisikia yote kupitia ule ukuta: kijiko kikizunguka kikombeni, kimya, sauti ya Matroni ya chini, halafu kile nisichotaka kukieleza. Akishamaliza, akishamtia msichana kwenye gari na sweta na mtu wa kumsindikiza, alirudi, akaketi, na hakuchemsha maji ya miguu jioni hiyo.

Wasichana hawakuchukua muda kuelewa. Ikawa wanaambiana kwa kunong'ona, "Kuna chai." Mtu akiitwa na Matroni, wenzake walinyamaza wote na kumtazama akienda. Siku moja Matroni alimwita kiranja wa bweni, msichana mkubwa mwenye mabega mapana, aliyekuwa amemsaidia kufua mapazia ya sikukuu. Alitaka kumshukuru tu. Alimwekea chai na mkate mezani. Yule msichana aliona kile kikombe, akaanguka chini kwa magoti akiuliza, "Ni baba? Matroni, ni baba?" Ilichukua muda kumsadikisha kwamba baba yake ni mzima, yuko Rangwe anauza mbao. Matroni alicheka, akatutazama tuliokimbilia mlangoni, akaacha kucheka. Tangu hapo hakumpa msichana yeyote chai kwa raha.

Safari ya pwani niliianzisha mimi. Kwetu Taita si mbali na bahari, na nilichoka kufundisha viumbe vya baharini kwa kuchora ubaoni. Rafiki yangu alikuwa anafundisha shule moja karibu na pwani ya kusini, akatukubalia kulala madarasani mwao. Kutoka pale tungevuka kwa mashua hadi kisiwa kidogo chenye kituo cha matangi ya samaki, halafu tungepanda mashua yenye kioo chini tuyaone matumbawe. Mwalimu mkuu alitaka mwanamke mwingine, aliyenizidi umri, aende pamoja na mimi. Matroni alilalamika wiki nzima. Miguu yake haitaki basi. Kiuno chake hakitaki basi. Yeye na maji hawaelewani. Siku ya kuondoka alikuwa wa kwanza kufika kwenye basi, amesuka nywele.

Katika wale wasichana alikuwemo Akeyo, wa kidato cha tatu, kutoka upande wa Mbita. Alikuwa mwembamba, mwenye maswali mengi darasani, wa aina ambayo mwalimu hufundisha akimtazama yeye. Mwaka mmoja kabla alikunywa chai ya Matroni. Baba yake alikuwa amefariki. Tangu hapo alikuwa amepunguza maswali.

Asubuhi ya siku ya kisiwa, wasichana wakiwa kwenye foleni ya uji, niliitwa ofisini kupokea simu. Alikuwa mwalimu mkuu wetu. Mama yake Akeyo alikuwa amefariki jana yake katika hospitali ya Homa Bay. Mazishi yangekuwa mwishoni mwa wiki. Tufanye tunavyoona, alisema, na sauti yake ikakatika. Sijui kama ni laini au ni yeye.

Nilimkuta Matroni nyuma ya darasa ananawa uso kwenye bomba. Nilimwambia. Aliendelea kunawa. Alijipangusa kwa leso, taratibu, uso, shingo, nyuma ya masikio.

"Basi la kwenda kwetu linaondoka saa ngapi?" aliuliza.

"Jioni, kutoka Mombasa. Hakuna la mapema. Tumwambie sasa, nimwombe rafiki yangu wa hapa awapeleke wengine kisiwani."

"Jioni," alisema. "Basi tutamwambia jioni."

"Matroni, huyo ni mama yake."

"Mama yake ameshakufa, Mwalimu. Tukichelewa hatakufa mara ya pili." Alikunja leso, akaitia mkobani. "Mwache msichana aone samaki."

Ningeweza kukataa. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa msafara. Lakini alikuwa amefanya kazi ile mara nyingi mno, na mimi sikuwa nimeifanya hata mara moja. Tukaenda.

Sitasahau siku ile, na natamani ingekuwa mbaya. Ilikuwa nzuri. Maji yalikuwa ya kijani karibu na kisiwa na yakageuka buluu mbele. Ndani ya kituo mlikuwa na giza la ubaridi na safu ya matangi yenye taa. Bunju alijaza tumbo mpaka akawa kama mpira wenye miiba. Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, alitoa kichwa kwenye tundu la jiwe, na Akeyo akapiga kelele, "Huyu ni kamongo aliyeenda shule!" Wenzake wakaangua kicheko. Kulikuwa na pono wa rangi nilizozichora miaka yote kwa chaki nyeupe, na taa, yule samaki bapa, aliyepita juu ya mchanga kama shuka inayopeperuka. Kasa mmoja mzee alikuwa na dimbwi lake peke yake. Kila mara alipanda juu, akavuta pumzi moja kubwa kama ya mtu aliyebeba mzigo, akazama tena.

Kwenye tangi la pweza Akeyo alisimama muda mrefu. Pweza alikuwa wa rangi ya kahawia, akasogea kwenye changarawe akawa mweupe, akagusa jiwe akawa kama jiwe. Akeyo aligeuka akatafuta mtu wa kumwonyesha, akamwona Matroni. "Matroni, njoo uone! Njoo haraka!" Akamshika mkono, akamvuta. Wakasimama pamoja mbele ya kioo, mikono imeshikana, nyuso zote mbili zimepigwa na mwanga wa maji. Mimi niliyejua habari nikashindwa kutazama. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Mchana tulipanda mashua ya kioo. Akeyo alilala kifudifudi, kipaji cha uso kwenye kioo, viganja pembeni ya macho. Samaki wadogo wa manjano walipita chini yake kwa makundi. Alikuwa anacheka peke yake, kicheko cha chini chini ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba yake alipokufa.

"Nikimwambia mama hataamini," alisema bila kuinua kichwa.

Nilimtazama Matroni. Alikuwa ameketi kwenye ubao, ndala zake zilizokatwa zimelowa, na yeye pia ameinamia kioo.

"Angalia vizuri basi," alimwambia. "Angalia vizuri ukumbuke."

Tulirudi jua likianza kushuka. Matroni aliingia jikoni mwa ile shule, akaomba maziwa. Akeyo aliitwa darasani ambamo tulikuwa tumeweka mizigo. Aliingia bado nywele zina chumvi, akaona kikombe na mkate juu ya dawati. Hakuketi.

"Ni nani?" aliuliza.

"Keti kwanza, nyathina." Ndivyo alivyowaita saa zile, mwanangu.

"Amebaki mmoja tu, Matroni. Ni mama?"

"Ni mama."

Akeyo alisimama akishika ukingo wa dawati. Nilimsogelea, akaninyoshea mkono nisije. Halafu aliuliza jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria.

"Mlijua saa ngapi?"

Mimi ningedanganya. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Matroni alisema, "Asubuhi."

"Asubuhi," Akeyo alirudia. Alitutazama mmoja mmoja. "Mkaniacha nikacheka. Siku nzima mnanitazama nacheka."

Hakulia mbele yetu. Chai ilipoa pale juu ya dawati ikafanya utando. Matroni alimpeleka yeye mwenyewe, kwa basi la Mombasa hadi Kisumu, na kutoka Kisumu hadi Homa Bay, na aliniambia baadaye kwamba njia yote msichana hakusema neno. Gatini Homa Bay mjomba wa Akeyo alikuwa anawangoja na mashua. Matroni alimnyoshea mkono amsaidie kuingia. Akeyo aliingia majini na viatu vyake, akapanda upande wa pili.

Mjomba alikuja shuleni baada ya mazishi. Alisema mtoto amedhalilishwa, amechezewa siku ya msiba wake kama kitu kisicho na mtu. Tulikaa kikao. Mimi nilieleza kwa maneno mengi. Matroni alipoulizwa ana nini cha kusema, alisema, "Ni kweli tulijua asubuhi." Alipewa onyo, na ikaamuliwa asiende tena safari yoyote. Hakubishana. Jioni alichemsha maji ya miguu kama kawaida.

Akeyo alirudi, akamaliza kidato cha nne, akapita vizuri. Katika muda huo wote hakumsalimu Matroni hata mara moja. Akimwona anakuja na funguo zake, alizunguka nyuma ya jiko. Kama kuna kitu cha kuombwa, aliomba kupitia kwa mwingine. Matroni naye aliacha sweta la Akeyo lililoshonwa juu ya kitanda chake bila kusema limetoka wapi. Kuhusu kazi ile nyingine, hakuwa na wa kumwachia. Aliendelea nayo. Ila sasa alisema kwanza, halafu ndiyo akatoa chai, na chai nyingi zilimwagwa.

Mimi nilimtetea. Kila mahali nilipoisimulia habari ile, kwa walimu, kwa dada zangu Taita, niliisimulia kama busara: mwanamke aliyempa yatima siku moja ya mwisho ya kuwa mtoto. Watu walitikisa vichwa, wengine walitokwa machozi. Niliisimulia vizuri. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa shule nyingine karibu na Isebania, na Matroni alikuwa amerudishwa nyumbani pamoja na wafanyakazi wengine walioambiwa serikali haiwezi tena kuwalipa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikwenda kumwona. Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji wa Migori, si mbali na lami inayokwenda mpakani. Mumewe alikuwa ameshafariki. Binti yake pia, na watoto wanne wa binti walikuwa uani wanagombania tairi. Miguu yake sasa ilifungwa bendeji. Alifurahi kuniona, akanishika mashavu, akaniuliza kama nimeolewa, nikasema bado, akasema afadhali.

Tulizungumza hadi tukamaliza watu wote tuliowajua. Ndipo aliuliza, akitazama uani, "Yule msichana wa Mbita. Umesikia habari zake?"

"Nilisikia anafanya kazi Nakuru. Sijui zaidi."

"Sawa."

"Matroni," nilisema, "mimi huwa nawaambia watu ulifanya vyema. Ulimpa siku moja. Hakuna mwingine angefikiria hivyo."

Alinigeukia. "Unawaambia watu?"

"Ndiyo."

"Usiwaambie tena." Alivuta bendeji, akaikaza. "Sikiliza, Mwalimu. Asubuhi ile uliponiambia, sikumfikiria msichana. Nilifikiria, huyu akiambiwa sasa, ni nani atabaki naye darasani mpaka jioni? Ni mimi. Nyinyi mtaenda, mimi nitabaki nikimshika. Nilikuwa nimeshika wengi. Nilikuwa nimechoka, na zile samaki nilizitaka. Nikasema leo, leo tu, kazi hiyo iningoje." Aliiachia bendeji. "Hiyo ndiyo ilikuwa. Hakukuwa na kitu kingine."

Nikauliza swali la kijinga. "Na ulizifurahia?"

"Sana," alisema. "Hata aliponishika mkono pale kwa pweza. Nilisahau kabisa, Mwalimu. Nilisahau kwamba najua."

Mtoto mmoja alianguka uani akalia, akaitwa, akapanguswa magoti. Saa yangu ya kuondoka ilikuwa imefika. Nilimsihi abaki, lakini alisema mgeni hatoki kwake peke yake, akavaa ndala, akanisindikiza kwenye kile kijia, taratibu, ameegemea bega langu. Kabla ya kufika barabarani palikuwa na jiwe kubwa kando ya ua wa jirani. "Ngoja nikae hapa," alisema. "Wewe tangulia. Nitakuangalia mpaka upate gari."

Nilifika kwenye lami. Malori yalikuwa yanapita kwenda Isebania, yakirusha vumbi la pembeni. Niligeuka kumpungia mkono. Alikuwa amelala. Mgongo umeegemea ua, mikono imeanguka mapajani, mdomo wazi, na jua la saa nane lilikuwa linampiga usoni moja kwa moja.

Gari lilisimama, kondakta akaniita. Nikamwambia aende. Nikarudi juu kwa kile kijia kwa hatua zisizo na sauti, nikasimama upande jua lilikokuwa linampigia, nikafungua mwavuli wangu, nikaushika.